Kiinua Mgongo

Miezi kumi na minne nilikisubiri kiinua mgongo,
mimi niliyekaa masijala miaka thelathini na mitatu,
nikajifunza, upande wa pili wa dirisha,
jinsi "njoo kesho" inavyoingia sikioni.

Kilipofika, kila mtu alikuwa na hesabu zake.
Shemeji: bodaboda mbili.
Jirani hapa Isevya: kuku wa kisasa, mia tatu, huwezi kukosa.
Ngassa akapiga simu toka Kahama:
baba, jenga vyumba vya wapangaji.
Wote nikawaitikia. Kisha nikanunua baiskeli kuukuu,
nikaenda Itetemia
kwa Milembe mfinyanzi,
mwenye umri wa kitinda mimba wangu.

Alinitazama viatu.
"Vua," akasema. Ndilo somo la kwanza.

La pili lilikula wiki nzima.
Udongo wa mbugani, mweusi, mgumu kama andazi la juzi:
twanga, chekecha, toa vijiwe, toa mizizi.
Halafu akaburuta gunia la vigae,
vyungu vilivyomvunjikia tangu masika,
akanipa jiwe. Saga na hivi.
"Udongo mtupu hupasuka. Mpe mwenzake
aliyekwisha kuungua."
Nikatoa daftari niandike.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Vidole vyangu vilizoea muhuri na pini,
vilizoea mate kidogo, kona ya karatasi, funua.
Mkanda wa udongo ukanikatikia mkononi
kama uzi uliooza.
Na mgongo, ule ule walioulipia uinuke,
nikauinamisha tangu saa mbili hadi jua la utosi,
wala sijapata kuusikia ukinung'unika kidogo namna ile.

Wapita kisimani hawakunisaza.
"Milembe, siku hizi unaajiri?"
Nikawajibu kwa Kinyamwezi changu cha ofisini.
Wakazidi.

Udongo uwahi ungali maji, tuliambiwa.
Chungu changu cha kwanza sikukiwahi:
kilikauka kimeegemea upande,
mdomo kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.
Milembe akakivunja kwa kisigino cha mkono,
akakitosa ndooni.
Asubuhi nikakuta tope, laini, halina kinyongo.
"Usioona moto," akasema, "hurudi."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bi. Nyanzala wa Sikonge.
Jalada la mafao ya marehemu mumewe.
Mara kumi na moja alikuja, na mtoto mgongoni,
kisha na mtoto anayetembea,
mara kumi na moja nikamwambia halionekani.
Mara ya saba lilikuwa mezani,
chini ya kikombe changu cha chai.

Lile lilishaona moto.

Jumamosi tukachoma: magome ya mtundu, samadi kavu,
nyasi juu. Vyangu vilikuwa tisa.
Haikupita nusu saa, mlio. Kisha mwingine.
Mimi nikihesabu, Milembe akimenya viazi.

Vilipona viwili.

Kimoja kinavuja. Mama Ngassa alikiinua juani,
akachungulia, hakusema neno.
Mfinyanzi hulia gaeni, wasema;
kwetu vifaranga wametangulia, wananywea humo
kabla maji hayajaisha yenyewe.

Cha pili nilikijaza, nikakiweka sakafuni,
nikaamka mara tatu usiku na tochi.
Sakafu kavu.
Sasa kimefungwa kwa khanga iliyochakaa,
kiko magotini pangu, basi la Sikonge linanguruma
na kondakta anauliza kama mzigo huu nao una nauli.
Sijui kama bado yupo.
Sijui, akiwapo, kama atanifungulia mlango
au ataniambia nije kesho.

Vile saba vilivyopasuka
nimemwachia Milembe, kwenye gunia.